Mama Daktari, morani na maziwa lala

Hapa Nyeri baridi ya Julai huuma, lakini shosho wangu lazima aanze siku na glasi ya mala. Ana kisukari, na kolesteroli yake iko juu. Majuzi jirani alimwambia aachane na tembe, eti mala pekee inatosha. Nikaanza kuchimba kama kuna ukweli wowote hapo. Nikakutana na mtu aliyewahi kuishi ng'ambo tu ya milima ya Aberdare, kule Ol Kalou: Daktari Anne Spoerry.

Alizaliwa Cannes, Ufaransa, mwaka wa 1918. Alikuwa akisomea udaktari Paris wakati Wajerumani walipoivamia nchi, akajiunga na waliopigana nao kwa siri. Alikamatwa 1943, kisha akapelekwa Ravensbrück, kambi ya mateso ya wanawake huko Ujerumani.

Hapo ndipo kuna doa. Vita vilipoisha, baadhi ya wafungwa wenzake walimshtaki kwamba aliwatesa wagonjwa mle kambini. Ikaamuliwa aondoke Ufaransa. Maisha yake yote hakutaka kuigusa habari hiyo.

Akaja Kenya, akawa daktari wa walowezi na wafanyakazi wa mashamba. Akiwa na miaka arobaini na kitu akajifunza kurusha ndege, na 1964 akaingia AMREF, kikosi cha madaktari wa angani. Fikiria mama mmoja, ndege ndogo na sanduku la chanjo, leo Turkana, kesho Lamu. Wagonjwa ndio waliombatiza Mama Daktari.

Sasa, mala inaingilia wapi? Mtafiti Mmarekani, George Mann, alikuwa amewapima Wamaasai wa Tanganyika. Watu wanaishi kwa maziwa na nyama, lakini kolesteroli iko chini. Alishangaa. Baadaye yeye na Spoerry walifanya jaribio na wanaume 24 wa Kimaasai, wakalichapisha 1974. Walikuwa wanachunguza kemikali fulani, si maziwa. Kundi moja lilipewa kemikali hiyo, lingine halikupewa, na wote wakanywa maziwa yaliyochacha kwa wingi. Kolesteroli ikashuka kwa makundi yote mawili! Kumbe kemikali haikuwa na maneno. Wakashuku maziwa yenyewe.

Lakini tulia kwanza. Hao walikuwa vijana wenye afya, wanaotembea kutwa nzima, na walikuwa 24 tu. Shosho wangu si morani.

Kwa watu wenye kisukari, kuna utafiti wa Iran uliotoka 2011. Watu 60 waligawanywa: wengine wakala gramu 300 kwa siku za yoghurt iliyotiwa bakteria maalum, wengine yoghurt ya kawaida. Baada ya wiki sita, kolesteroli ya kundi la kwanza ilikuwa imeshuka kwa karibu asilimia 4.5 ikilinganishwa na kundi la pili, na ile mbaya, LDL, kwa karibu asilimia 7.5. Ni msaada, ndiyo, lakini mdogo. Tembe za kolesteroli huishusha LDL mara kadhaa zaidi. Tena bakteria wa mala ya dukani huenda si wale wa utafiti, na yoghurt nyingi za ladha ya stroberi zimejaa sukari. Soma lebo, bana.

Spoerry alifariki Nairobi Februari 1999, akazikwa Shela, Lamu. Kuna wanaomwona malaika, kuna wasiomsamehe. Mimi nimejifunza kutomgeuza mtu kuwa muujiza ili nikubali mema yake, na wala mema hayo hayafuti yale mengine. Mala nayo ni hivyo hivyo.

Kwa hivyo shosho anaendelea na glasi yake, bila sukari. Tembe ziko pale pale kando ya thermos, na tarehe ya kliniki nimeiandika kwa simu yangu. Jirani tutamkaribisha chai.