Lewis Latimer, Mchoraji wa Njia za Umeme

Jioni giza linapoingia, kiranja hubonyeza swichi na darasa zima likawaka taa kwa mara moja. Sisi huinamia vitabu vyetu, wala hatuulizi umeme ule umepita wapi hata ukatufikia. Lakini kabla ya waya wa kwanza kupitishwa ukutani, alikuwako mtu aliyekaa mezani na penseli, akachora ramani ya njia zake zote. Leo napenda kuwasimulieni habari za mmoja wa waliotangulia katika kazi hiyo, Bwana Lewis Howard Latimer wa Marekani.

Alizaliwa tarehe 4 Septemba, 1848, katika mji wa Chelsea, karibu na Boston. Wazazi wake, George na Rebecca, walikuwa watumwa katika jimbo la Virginia. Mwaka 1842 walitoroka wakafika Boston, lakini George alitambuliwa akakamatwa, na bwana wake akaja kumdai kama mtu adaiye ng'ombe aliyepotea. Watu waliochukia utumwa walikasirika mno, wakafanya mikutano, na mwisho zikalipwa dola 400 naye akapata uhuru wake. Mwaka uliofuata jimbo la Massachusetts lilitunga sheria ya kuwakataza maofisa wake wasisaidie kuwakamata watumwa waliotoroka. Basi Lewis alizaliwa huru, lakini hakuzaliwa katika raha. Alipokuwa na umri wa miaka kama kumi, baba yake aliondoka nyumbani. Kijana akaacha shule akafanya kazi.

Mwaka 1864, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, alijiunga na jeshi la majini, naye alikuwa na miaka 16 tu. Vita vilipokwisha mwaka 1865 alirudi Boston, akapata kazi ya utarishi katika ofisi ya mawakili. Mshahara wake ulikuwa dola 3 kwa juma. Mawakili hao waliwasaidia wavumbuzi kupata hati za serikali za kulinda uvumbuzi wao, na kila ombi lilihitaji michoro safi ya kitu kilichobuniwa. Kwa hiyo ofisi ilikuwa na wachoraji.

Hapo ndipo tarishi huyu alipopata shule yake. Kila alipopita na barua aliwatazama wachoraji, akaona jinsi walivyoshika rula na bikari. Alinunua vitabu na vyombo vilivyokwisha tumiwa na wengine, akajifundisha nyumbani usiku. Siku moja aliomba aruhusiwe kuchora. Mchoraji alicheka, lakini alipouona mkono wa kijana, kicheko kikaisha. Baada ya miaka michache Latimer alikuwa mkuu wa wachoraji, na mwaka 1872 alikuwa akipata dola 20 kwa juma. Mwaka 1876 Bwana Alexander Graham Bell alipoomba hati ya uvumbuzi wa simu, Latimer ndiye aliyesaidia kutayarisha michoro yake.

Mwaka 1880 aliajiriwa na Bwana Hiram Maxim, mkuu wa mafundi wa kampuni moja ya taa za umeme. Huyu ndiye Maxim yule ambaye baadaye alitengeneza bunduki iliyotumiwa kuziteka nchi zetu. Wakati huo lakini mawazo yake yalikuwa juu ya taa. Ndani ya taa za siku zile mlikuwa na uzi mwembamba wa kaboni, nao ulivunjika ovyo wakati wa kuchomwa kiwandani. Latimer alibuni njia ya kuuweka uzi huo ndani ya bahasha ya karatasi nene ili usipinde wala kukatika, akapewa hati yake mwezi wa Januari, 1882. Wako wasemao kwamba Latimer ndiye aliyevumbua taa ya umeme. Hiyo si kweli, maana Bwana Swan wa Uingereza na Bwana Edison wa Marekani walikuwa wamekwisha waonyesha watu taa zao. Sifa za Latimer zinatosha bila kuongezewa za wengine.

Sasa tufike kwenye kazi ninayotaka tuiangalie hasa. Taa hata ikiwa njema kiasi gani, haina faida kama umeme haujui njia ya kuifikia. Latimer alitumwa kuongoza kazi ya kuweka taa katika majengo makubwa ya mji wa New York, na mojawapo lilikuwa jengo la Equitable, lililokuwa na ofisi za bima. Majumba hayo yalijengwa kabla umeme haujafikiriwa. Hapakuwa na nafasi ya waya ukutani, wala mafundi hawakuwa na vyombo vya kupimia. Kitu pekee walichoweza kuiga kilikuwa waya wa kengele za kuitia matarishi maofisini, na mengine yote yalikuwa ya kukisia.

Fikirini ugumu wake. Umeme hufanana na maji katika bomba. Ukiweka taa nyingi juu ya waya mwembamba, waya huo hupata moto, na siku zile ulivikwa nguo ya pamba tu na kupitishwa juu ya mbao. Kosa dogo la mchoraji liliweza kuunguza jumba zima. Tena umbali una gharama yake: taa iliyo mbali na mtambo hupata umeme hafifu kama waya si mnene wa kutosha. Mpango mwema hufanana na mti. Shina nene hupanda toka chini, kila orofa hupata tawi lake, na kila chumba kijitawi chake, ili taa moja ikizimika nyingine ziendelee kuwaka. Na kila penye tawi huwekwa fyuzi, ambayo hukatika yenyewe kabla waya haujaungua. Mambo hayo yote sharti yapangwe karatasini kwanza, kwani penseli ikikosea hufutwa, lakini ukuta ukikosewa huvunjwa.

Baada ya New York alifanya kazi hiyo Philadelphia, kisha Montreal katika Kanada. Huko wafanyakazi walisema Kifaransa, naye badala ya kulalamika alijifunza Kifaransa cha kutosha kuwaongoza. Toka huko alipelekwa London kuanzisha kiwanda cha taa. Mwaka 1884 aliingia katika kampuni ya Edison. Mwaka 1890 alitoa kitabu cha kueleza mpango wa taa za Edison, na fundi yeyote aliweza kukisoma. Mara nyingi aliitwa mahakamani kutoa ushahidi katika kesi za wavumbuzi, kwa kuwa alizijua taa hizo tangu mwanzo. Mwaka 1918 wafanyakazi wa zamani wa Edison walipofanya chama chao, Latimer alikuwa miongoni mwa wanachama wa kwanza, na mweusi pekee kati yao.

Alifariki tarehe 11 Desemba, 1928, katika mtaa wa Flushing, New York. Nyumba yake imehifadhiwa, na watu huitembelea mpaka leo.

Wenzangu, wako miongoni mwetu wanaodharau somo la kuchora, wakisema ni kazi ya mafundi wasioweza hesabu. Hao wamkumbuke tarishi wa Boston. Wahenga walisema: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Yeye aliinama juu ya meza ya kuchora, na mtoto wa baba aliyenunuliwa kwa dola 400 akawa mtu wa kuwaonyesha wengine njia ya umeme. Na ninyi ndugu zetu mliokwisha maliza shule, ambao sasa mnajenga madarasa na maduka, msimwite mwashi kabla hamjamwita mchoraji wa waya.