Mwana wa Ukoo wa Wapiganaji Aliyemtanguliza Kinyozi

Tumeona vema leo kuwaletea wasomaji wetu, askari na polisi wa vyeo vyote, habari za mtu aliyezaliwa katika ukoo wa wapiganaji, akafa hana mali ila vazi la utawa na bakuli lake. Naye ni Siddhartha Gautama, ambaye ulimwengu humwita Buddha.

Alizaliwa Lumbini, katika nchi iitwayo leo Nepal, yapata karne ya 6 au ya 5 kabla ya Kristo. Watu wake, Wasakya, walijihesabu miongoni mwa Kshatriya, tabaka la watawala na wapiganaji. Wahindu wa kale waliwagawa watu katika matabaka manne: makuhani waitwao Brahmana, kisha Kshatriya, kisha wakulima na wafanyabiashara, na mwisho watumishi. Mtu alizaliwa muungwana, au hakuwa muungwana kamwe. Lakini ni haki tuseme kwamba ndani ya Uhindu wenyewe palikuwa na sauti nyingine: katika utenzi mkuu wa Mahabharata, mfalme Yudhishthira anapoulizwa ni nini kimfanyacho mtu kuwa Brahmana, hujibu kwamba ni mwenendo, wala si kuzaliwa.

Mapokeo yasema kwamba Siddhartha alipokuwa na miaka 29 alimwacha mkewe Yasodhara na mtoto wao mchanga, akaenda kutafuta dawa ya mateso ya wanadamu. Baada ya miaka 6 alipata mwangaza chini ya mti, huko Bodh Gaya. Mafundisho yake ya kwanza, aliyoyatoa Sarnath, yaliitwa Kweli Nne za Uungwana. Hapo ndipo penye jambo. Neno lenyewe, arya, lilikuwa sifa ya watu wa nasaba bora; yeye alilichukua akalitoa kwa yeyote aliyeshinda tamaa, chuki na ujinga wa moyo wake, awe mwana wa mfalme au mfagiaji.

Sisi Warundi hatuna haja ya kufafanuliwa sana. Mushingantahe hakuzaliwa na fimbo ya intahe mkononi. Alisimikwa mbele ya watu baada ya mwenendo wake kupimwa kwa muda mrefu. Tena tumeona, mwaka 1972 na mwaka 1993, damu iliyomwagika pale mtu alipohesabiwa kwa kuzaliwa kwake tu.

Siku moja vijana sita wa Kisakya, miongoni mwao Ananda, Anuruddha na Devadatta, waliondoka kwao ili wawe watawa. Walipovuka mpaka walivua mapambo yao, wakampa kinyozi wao Upali, wakamwamuru arudi nyumbani. Upali alitafakari njiani. Aliona kwamba Wasakya wakimwona na dhahabu ile watadhani amewaua vijana wao, nao watamwua. Akayatundika mapambo mtini, ayachukue atakayeyaona, akawafuata mabwana zake.

Katika utawa ule cheo hakikupimwa kwa umri wala kwa nasaba, bali kwa siku ya kupokelewa. Aliyetangulia husalimiwa na aliyefuata. Kila askari anaielewa sheria hiyo. Vijana wale, wakijua kiburi cha kabila lao, waliomba kinyozi apokewe kwanza, ili wao wawe wa kumwinamia maisha yao yote. Buddha akakubali, akampokea Upali mbele yao.

Tusidhani hata hivyo kwamba alidharau kazi yetu. Askari kadhaa wa mfalme Bimbisara wa Magadha walipokimbilia utawani wakati wa machafuko ya mpakani, na wakuu wao wakalalamika, Buddha aliweka sheria kwamba aliye katika utumishi wa mfalme asipokelewe.

Alifariki Kushinagar akiwa na miaka 80, baada ya kula chakula cha mhunzi aitwaye Chunda. Kabla ya kukata roho aliagiza kwamba mhunzi huyo asilaumiwe, bali apewe heshima kwa sadaka yake.

Baadaye watawa walikutana Rajgir ili kuyathibitisha mafundisho yake. Ananda, aliyekuwa binamu wa Buddha na mhudumu wake kwa miaka mingi, aliulizwa habari za mahubiri. Lakini kabla yake iliulizwa sheria ya nidhamu, na aliyesimama kuitoa yote kwa moyo alikuwa Upali.