Farasi Wenye Majipu

Ukizunguka Kakese kutwa nzima hutakutana na farasi. Ng'ombe wa kulimia utawaona, farasi hamna. Lakini kila mtoto wa kwetu anayepelekwa kliniki kuchanjwa anadungwa pajani kitu ambacho siri yake iligunduliwa kwenye mazizi ya farasi huko Ufaransa, na aliyeigundua hakuwa hata daktari wa binadamu. Alikuwa daktari wa mifugo, Gaston Ramon. Sisi wa elimu tumefundishwa Pasteur na Koch mpaka tunawaota usiku. Huyu tunamruka.

Ramon alizaliwa mwaka 1886 katika kijiji cha Bellechaume, akasomea udaktari wa mifugo Alfort, jirani na Paris. Mwaka 1911 akaajiriwa na Taasisi ya Pasteur, akapelekwa tawi la Garches. Huko kazi ilikuwa farasi tu. Enzi hizo dondakoo ilikuwa inakaba watoto hadi kufa, na dawa ya maana ilikuwa seramu. Farasi alichomwa sumu ya bakteria kidogo kidogo, mwili wake ukajizoesha na kutengeneza kinga, kisha akatolewa damu, na maji ya damu ile ndiyo akachomwa mtoto mgonjwa. Vita vya 1914 vilipoanza ikahitajika seramu nyingine kwa wingi, ya pepopunda, kwa ajili ya majeruhi. (Jina letu limembeba punda ndani yake, na kwa kweli farasi na nduguze ni kati ya wanyama wanaoshambuliwa vibaya zaidi na ugonjwa huo.)

Seramu zilikuwa zinaharibika. Mkuu wake, Émile Roux, akamtaka atafute cha kuzihifadhi. Ramon akakumbuka formalini, aliyoishughulikia kwenye maziwa alipokuwa mwanafunzi. Ikafaa. Mwaka 1917 akamwoa binti wa ukoo wa huyo huyo Roux, ila hilo tuliache. Miaka michache baadaye aliichanganya formalini na sumu yenyewe, akaiacha kwenye joto kwa wiki kadhaa. Sumu ikapoteza ukali wake, lakini mwili uliochomwa bado uliitambua na kujikinga. Hiyo ndiyo anatoksini, mwaka 1923, na ndiyo iliyo ndani ya chanjo ya dondakoo na pepopunda mpaka leo.

Sasa turudi kwa farasi, maana hapa ndipo huyu mzee alinikamata. Farasi akichomwa sindano huvimba. Wengine uvimbe unaisha, wengine unageuka jipu lenye usaha. Mtunza farasi yeyote anaona hiyo ni hasara: mnyama shingo imekakamaa, hainami vizuri kula, kazi hafanyi. Ramon naye aliyaona majipu hayo hayo, ila yeye alikuwa na kipimo. Mwaka 1922 alikuwa amevumbua njia ya kupima nguvu ya seramu ndani ya chupa. Alipolinganisha, kumbe farasi waliotunga majipu ndio waliokuwa wanatoa seramu kali kuliko wenzao.

Wengi wangeishia kuandika kwenye daftari. Yeye akaanza kuwasababishia farasi uvimbe makusudi. Kufikia 1925 alikuwa anachanganya dozi na vitu vya jikoni: chembe za mkate, na tapioka, yaani wanga wa muhogo. Naam, muhogo. Farasi hawakuulizwa maoni yao, na siwezi kusema nimelipenda hilo. Ila jibu lilipatikana: uvimbe unaishikilia dozi pale pale isitawanyike haraka, na unaziita askari wa mwili zije kuikagua. Mwaka uliofuata Mwingereza Alexander Glenny akaonyesha kwamba chumvi ya alumini inafanya kazi hiyo bila jipu, na chumvi za aina hiyo ndizo zimo kwenye chanjo za watoto wetu.

Mwaka jana mtoto wa dada yangu, hapo Kakese, alivimba paja baada ya chanjo ya wiki ya 6, na mwili ukachemka. Jirani akasema sindano ilikuwa mbovu, asimrudishe tena. Dada akakaa nayo rohoni wiki nzima. Nilimweleza habari ya farasi kwa simu, akacheka, lakini wiki ya 10 alikwenda, na ya 14 pia. Nilimwambia vilevile kwamba asiyevimba naye anakingwa. Uvimbe mdogo wa siku mbili tatu unatulizwa kwa kitambaa cha maji baridi, bila kusugua wala kupaka dawa za kubahatisha. Ukizidi kukua, ukitoa usaha, au homa ikikataa kushuka, hapo ni kurudi kituoni.

Farasi anatunzwa karibu hivyo hivyo, na punda pia. Akikakamaa shingo, majani na maji yawekwe juu, asilazimike kuinama. Atembezwe taratibu. Jipu likiiva alipasue daktari wa mifugo, siyo mwenye mnyama na wembe wake, na sindano inayofuata ichomwe upande mwingine.

Ramon alifariki mwaka 1963. Emil von Behring alishapewa Nobeli ya kwanza kabisa ya tiba, mwaka 1901, kwa ajili ya seramu. Ramon, aliyefanya seramu ya dondakoo isihitajike sana, alipendekezwa mara 155. Hawakumpa.