Patrice Lumumba, karani wa vyama



Kila mwaka tarehe 17 Januari inchi yetu inapumzika kazi juu ya kumkumbuka Patrice Emery Lumumba. Kwa radio wanasimulia Waziri Mkuu wa kwanza, uhuru na kifo chake. Ni vema. Lakini sisi tuko watu wa chama cha kusaidiana, na kuna upande mmoja wa maisha yake ambao unatugusa zaidi, na ambao watoto wetu hawafundishwi sana masomoni. Mbele inchi nzima imjue, Lumumba alikuwa mtu wa vyama. Kwa miaka mingi aliandika barua za wenzake, aliita mikutano, alichunga makaratasi, yote bila mshahara. Huo ndio upande tunaopenda kuandika leo.

Alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 katika kijiji cha Onalua, upande wa Katako-Kombe, kule Sankuru. Wazazi wake walikuwa wakulima wa Kitetela. Alisoma kwanza kwa Wametodisti wa Wembo Nyama, kisha kwa Wakatoliki wa Tshumbe, lakini hakufika kwa masomo ya juu. Akiwa kijana tu akatoka nyumbani kutafuta kazi, na njia ikamleta kwetu Maniema. Akapata kazi kwa Symétain, kampuni ya bati, upande wa Kindu na Kalima. Sisi wa Punia hatuhitaji kuelezwa bati ni kitu gani. Hakukaa sana. Mwaka wa 1944 akaendelea mpaka Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo. Alifika mgeni, sawa vile wengi wetu tulifika wageni fasi za watu wakati wa kukimbia vita.

Pale Stanleyville akawa karani wa serikali, kisha mwaka wa 1947 wakamtuma Léopoldville kujifunza kazi ya posta. Alirudi na cheti, akafanya kazi ya posta, hata Yangambi alikaa kidogo. Mchana aliketi kwenye meza ya posta. Magaribi kazi ya pili ilianza. Kile ambacho masomo hayakumpa alikitafuta mwenyewe: alisoma buku usiku, akafuata masomo kwa njia ya barua, akajitolea pia kuchunga buku za watu kwenye bibliotheki ya mji.

Wakati ule Mkongomani hakuwa na ruhusa ya kuunda chama cha politiki. Kilichoruhusiwa ni vyama vidogo: vya watu wa kazi moja, vya watu waliosoma pamoja, vya watu wa asili moja. Lumumba aliingia karibu kila mlango uliokuwa wazi. Alikuwa karani wa chama cha wafanyakazi wa posta. Alikuwa katika chama cha waliosoma kwa Mapadri wa Scheut. Aliongoza chama cha Watetela wa mji. Aliongoza vilevile chama cha evolue, ndio Wakongomani waliosoma, ambao Wabelgiji waliwahesabu kuwa wamestaarabika lakini wakawalipa kidogo kuliko Mzungu wa kazi ileile. Kwa watu wa posta alitengeneza gazeti dogo la wanachama, jina lake L'Écho postal. Kwa hiyo sisi wa gazeti hili tuko na haki kidogo ya kumuita mwenzetu.

Anayejua kazi ya karani wa chama anajua si kazi ya sifa. Ni kuandika majina, kukumbusha wenye kuchelewa, kusikia malalamiko, kuandika barua kwa wakubwa na kungoja jibu ambalo haliji. Lumumba aliifanya kazi hiyo mpaka Wazungu wenyewe wakamjua. Mwaka wa 1955, Mfalme Baudouin alipopita Stanleyville, karani huyu wa posta alipata nafasi ya kusema naye. Mwaka wa 1956 alikuwa kati ya Wakongomani walioalikwa kutembelea Ubelgiji.

Sasa tunafika kwa jambo ambalo wengi wanaliruka. Aliporudi kutoka Ubelgiji, Julai 1956, alikamatwa. Katika hesabu za posta walikuta faranga 126,000 zimepungua, na Lumumba alikubali kama alizichukua. Watu wanaotaka kumtetea wanakumbusha kama mshahara wa Mkongomani ulikuwa haba, na maisha ya evolue yalidai nyumba, nguo na wageni wa kila siku. Hiyo ni kweli. Lakini feza ya posta ilikuwa ya watu. Alihukumiwa miaka miwili, kisha ikapunguzwa, akatoka Septemba 1957. Akiwa gerezani aliandika buku nzima juu ya Kongo na kesho yake, ambayo ilitokea tu baada ya yeye kufa.

Na ile feza? Wenzake wa Stanleyville walichanga, ikarudishwa. Tunaomba kila mwanachama asome sentensi hiyo mara mbili. Hawakusema deni halikuwa deni juu ni rafiki yao. Walilipa mpaka ikaisha. Lakini pia hawakumtupa mtu aliyewaandikia barua zao miaka yote ile. Mambo ya sanduku yanavunja vyama vingi, huku kwetu na kwingine, juu watu wanafikiri kuna njia mbili tu: kuficha, ao kufukuza. Watu wa Stanleyville walionyesha njia ya tatu.

Yaliyofuata yanajulikana, tutayapita mbio. Akaenda Léopoldville, akauzisha bia ya Polar. Oktoba 1958 chama cha MNC kikaundwa, naye akakiongoza. Juni 1960 akawa Waziri Mkuu, hajatimiza miaka 35. Septemba akaondolewa, kisha akazungukwa na waaskari ndani ya nyumba yake.

Lakini turudi nyumbani kwake, juu mtu wa chama ni mtu wa nyumba pia. Ndoa zake za kwanza hazikudumu. Mwaka wa 1951 alioa Pauline Opango, binti wa kwao, ambaye alibaki bibi yake mpaka mwisho. Alikuwa baba ya François, aliyezaliwa na mama mwingine, na ya Patrice, Juliana na Roland. Guy, mtoto wa mama mwingine tena, alizaliwa baba amekwisha kufa. Politiki ilimpeleka mbali na nyumba, na Pauline ndiye aliyebeba mzigo. Hatari ilipozidi, watoto wakubwa walipelekwa Kairo kwa siri, wakalelewa Misri. Mwezi huohuo wa Novemba 1960 mtoto mchanga, Marie-Christine, alikufa Uswisi. Baba aliomba ndege ya Umoja wa Mataifa afike Stanleyville kwa mazishi. Akanyimwa.

Usiku wa tarehe 27 Novemba alitoka nyumbani kwa kificho, mvua ikinyesha, akashika njia ya Stanleyville. Pauline na Roland mdogo walikuwa katika safari ile. Kule Lodi, kwenye mto Sankuru, Lumumba alitangulia kuvuka kwa mtumbwi. Waaskari wakafika ng'ambo ya nyuma, fasi bibi na mtoto walikuwa bado wanangoja kivuko. Yeye alikwisha kuvuka. Njia ya Stanleyville ilikuwa mbele yake. Waliokuwa naye wamesimulia kama walimuomba aendelee. Akarudi. Wakamkamata pale.

Tarehe 17 Januari 1961 aliuawa Katanga pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Maiti ziliharibiwa kwa asidi ili kaburi lisiwepo. Polisi mmoja Mbelgiji, Gérard Soete, alichukua jino akalibeba kwao. Mwaka wa 2020 Juliana, yule binti aliyekulia Misri na kurudi, alimuandikia Mfalme wa Ubelgiji kuomba kilichobaki cha baba yake. Tarehe 20 Juni 2022 jino lilikabiziwa watoto kule Brussels. Likapitishwa Onalua, Kisangani na Shilatembo, fasi alipouawa, kisha likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Mama Pauline hakuliona. Alikufa mwaka wa 2014, bila kaburi la bwana yake la kupalilia.

Miaka 61 ilipita mbele Lumumba arudi nyumbani. Kati yetu kuna wanaojua uzito wa neno kurudi, na kuna wenye wapendwa ambao hawatarudi, wala kaburi lao halijulikani. Kwa hao wote tunatuma pole.

Katika mkutano wetu wa Januari tutanyamaza dakika moja juu yake. Kisha, kama kawaida, buku ya sanduku itafunguliwa na kusomwa mbele ya wote, mstari kwa mstari. Na mwenye jamaa aliyebaki ng'ambo aje na jina lake kwa komite, tuliandike.