Mtwa Mkwawa na Ukuta wa Kalenga

Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alizaliwa Luhota, Iringa, yapata mwaka 1855. Mwaka 1891 majeshi yake yaliwashinda Wajerumani pale Lugalo, na kamanda wao, Zelewski, akauawa.

Basi Mkwawa alijua kwamba watarudi. Aliitegemea ngome yake ya Kalenga, kando ya Ruaha Mdogo, yenye ukuta wa mawe na udongo, kimo chake mita 4 hivi. Wajerumani wakaja na mizinga, na tarehe 30 Oktoba 1894 ngome ikaanguka.

Lakini Mkwawa hakukamatwa. Karibu miaka 4 watu wake wengi walimficha na kumlisha, ingawa Wajerumani waliahidi rupia 5,000 kwa kichwa chake. Tarehe 19 Julai 1898, alipozingirwa, alijipiga risasi asishikwe. Fuvu lake lilirudishwa mwaka 1954.

Ndugu Wakristo, kujenga ukuta si kosa. Hata Nehemia alijenga. Lakini ukuta wa Kalenga ulibomoka kwa siku chache, na uaminifu wa watu ukadumu miaka. Nasi hapa Kirumba tunazungushia nyumba zetu kuta. Je, jirani akipatwa na shida usiku, tutamfungulia?