Walter Payton: Jamaa aliyekataa kutoka nje ya mstari

Ikiwa umewahi kukesha ukitazama Super Bowl, ile fainali ya kandanda ya Marekani inayoanza huku kwetu kama saa nane na nusu usiku, basi pengine umesikia kwamba wiki hiyo kuna mchezaji anayetuzwa kwa mema anayowatendea watu nje ya uwanja. Tuzo hiyo inaitwa kwa jina la mtu: Walter Payton. Kama una miaka ishirini hivi, ulizaliwa akiwa ameshaondoka. Hebu nikusimulie alikuwa nani.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yake. Kama unaijua raga, uko karibu. Payton alikuwa ranibeki, yaani yule anayekabidhiwa mpira mkononi kisha anatarajiwa kupenya katikati ya majitu yanayotaka kumwangusha. Kila yadi anayosonga mbele inahesabiwa. Yadi moja haifiki hata mita, lakini hiyo moja unaweza kuilipia kwa goti au bega. Ndiyo maana maranibeki wengi hudumu miaka michache tu kwenye ligi ya NFL. Payton alidumu misimu 13, na katika miaka hiyo yote alikosa mechi moja pekee, tena ilikuwa katika msimu wake wa kwanza. Mechi 190, bana.

Alizaliwa Columbia, mji mdogo wa jimbo la Mississippi, enzi ambapo mtoto mweusi na mtoto mweupe hawakusoma shule moja. Mpira haukuwa mpango wake. Nyota wa nyumbani alikuwa kakaye, Eddie. Walter alipiga ngoma kwenye bendi ya shule. Eddie alipomaliza shule, kocha akamfuata mdogo wake, naye akakubali kwa sharti moja: aachiwe aendelee na bendi. Mwaka wa 1970 shule za mji huo zikaunganishwa, na ghafla vijana waliotenganishwa tangu utotoni wakajikuta wamevaa jezi moja. Walter alikuwa akifunga karibu kila wikendi. Unaweza kuwakalia wazazi wa wenzako mbali kwenye viti vya uwanja, lakini mtoto huyo akitoroka na mpira, nyote mnasimama.

Hata hivyo vyuo vikubwa vya kusini havikumtaka. Wakati huo vilisajili wachezaji weusi wachache mno. Akaenda Jackson State, chuo cha watu weusi alikokuwa Eddie, na huko ndiko alikokomazwa na kocha Bob Hill. Somo lake kuu lilikuwa hili: mtu akikujia kukuangusha, usimrahisishie. Wachezaji wengi wakibanwa pembeni huchagua kutoka nje ya mstari ili wasiumizwe. Payton alifunzwa kufanya kinyume, kumgeukia anayekuja na kumgonga kabla ya kugongwa. Akamnyooshea mkono wake ule, mashabiki wa raga mnaujua mtindo, na mara nyingi aliyelala chini alikuwa mlinzi. Ajabu ni kwamba jamaa huyu mgumu hivyo aliitwa Sweetness, maana yake Utamu. Alipenda densi pia, na alipokuwa chuoni alionekana kwenye runinga ya kitaifa katika kipindi cha Soul Train.

Mwaka wa 1975 Chicago Bears wakamchagua wa nne katika usajili wa wachezaji wapya. Mechi ya kwanza ilikuwaje? Alipewa mpira mara nane. Akapata yadi sifuri. Ndiyo, sifuri. Bears wenyewe walikuwa timu dhaifu miaka hiyo, na kila mpinzani alijua mpira utaenda kwa nani.

Sasa ruka hadi Novemba 20, 1977. Payton alikuwa na homa ya mafua, ile inayokufanya usitake hata kutoka kitandani. Wapinzani walikuwa Minnesota Vikings. Alibeba mpira mara 40 na kukusanya yadi 275, rekodi ya mechi moja ambayo haikuvunjwa hadi mwaka wa 2000. Bears walishinda 10-7, kwa hivyo fikiria wangekuwa wapi bila yeye. Mwisho wa msimu huo akatawazwa mchezaji bora wa ligi.

Siri yake haikuwa kubwa: kilima. Wakati wenzake walipumzika baada ya msimu, yeye alikuwa akipanda na kushuka kilima kikali karibu na kwake, eneo la Arlington Heights nje ya Chicago, mara nyingi hadi miguu ikatae. Wanamichezo wengine walijaribu kujiunga naye, na wengi hawakurudi siku ya pili. Hakuwa na mwili wa kutisha, futi 5 na inchi 10 tu, lakini alikuwa na mapaja yaliyotengenezwa pale. Oktoba 7, 1984, alivunja rekodi ya Jim Brown ya yadi 12,312, hadi Rais Ronald Reagan akampigia simu kumpongeza. Alipostaafu alikuwa amefika 16,726. Emmitt Smith alikuja kuipita mwaka wa 2002.

Kisha kuna hadithi ambayo watu wa Chicago hawajaimaliza hadi leo. Msimu wa 1985 Bears walipata hatimaye timu ya kweli, wakashinda mechi 15 na kupoteza moja. Walikuwa na mbwembwe hadi wakarekodi wimbo, na Payton akaimba humo. Januari 26, 1986, wakawaponda New England Patriots 46-10 kwenye Super Bowl huko New Orleans. Payton hakufunga. Patriots walimkaba yeye zaidi ya wote, jambo lililowafungulia wenzake njia. Lakini Bears walipokuwa yadi moja tu kutoka mstari wa kufungia, kocha Mike Ditka alimpa mpira William Perry, bonge la mlinzi aliyeitwa Friji, naye akafunga huku watu wakicheka. Mtu aliyeibeba timu mgongoni miaka 11 alikuwa akitazama. Mechi ilipoisha alijifungia kwenye kijichumba kwanza, wenzake wakisherehekea. Ditka alikiri baadaye kwamba ni jambo analojutia sana. Kwa maoni yangu, mechi ilikuwa imeshaamuliwa na yadi hiyo moja ilikuwa deni. Wapo wanaosema Payton alikuwa na kinyongo cha kitoto. Labda, ila wewe ungefanyaje?

Hata ziara ya Ikulu ya Marekani haikufanyika, kwa kuwa siku mbili baada ya fainali chombo cha anga cha Challenger kililipuka. Timu hiyo ilialikwa mwaka wa 2011, na aliyewaalika ni Barack Obama, yule shabiki wa Bears ambaye babake alitoka Kogelo. Payton hakuwepo tena.

Mechi yake ya mwisho ilikuwa Januari 10, 1988, dhidi ya Washington. Bears walikuwa nyuma 21-17, muda ukiyoyoma. Akapewa mpira, akahitaji yadi nane, akapata saba, kisha akasukumwa nje ya mstari. Yeye! Uwanja ulipotulia aliketi peke yake kwenye benchi, kichwa mikononi, na hakuondoka haraka.

Maisha baada ya mpira hayakuwa matamu kama jina lake. Alijaribu kuwa mmiliki wa timu ya NFL huko St. Louis ikashindikana, akaingia mbio za magari. Mwaka wa 1993 aliingizwa katika jumba la magwiji, na aliyemtambulisha jukwaani ni mwanawe Jarrett, akiwa mtoto wa miaka 12. Kitabu kilichotoka mwaka wa 2011 kilieleza pia upweke, ndoa iliyoyumba na dawa nyingi za maumivu. Mashabiki wengi walikasirika. Mimi sioni ajabu kwamba mwili uliogongwa miaka 13 uliuma.

Mapema mwaka wa 1999 watu walimwona amekonda, uvumi ukaanza. Februari 2 akajitokeza mbele ya wanahabari akiwa na miwani myeusi, akasema ana ugonjwa nadra wa ini unaoharibu mifereji ya nyongo, na kwamba anahitaji kupandikizwa ini jipya. Alipoulizwa kama anaogopa, alilia, na Chicago nzima ikalia naye. Baadaye ikagunduliwa saratani katika mifereji hiyo hiyo. Upandikizaji haukuwezekana tena.

Na hapa ndipo tuzo ile inapopata maana. Payton alipojua kwamba ini la mtu mwingine halitamsaidia yeye, hakuacha kuwahimiza Wamarekani wajiandikishe kutoa viungo vyao wakifa. Alirekodi matangazo akiwa dhaifu. Wengi katika jimbo la Illinois walijiandikisha kwa sababu yake, na kuna watu waliopata nafasi ambayo yeye hakuipata. Alifariki nyumbani kwake Novemba 1, 1999, kabla ya kutimiza miaka 50.

Siku sita baadaye Bears walikuwa Green Bay, kwa mahasimu wao Packers waliokuwa wamewachapa mara kumi mfululizo. Bears waliongoza 14-13, na sekunde za mwisho Packers walihitaji teke moja jepesi tu washinde. Bryan Robinson wa Bears akaruka, mkono juu, akaupangua mpira. Alipoulizwa aliwezaje kuruka vile, alisema ni Walter aliyemnyanyua.