Mtakatifu Benoît-Joseph Labre, Maskini wa Roma

Benoît-Joseph Labre alizaliwa Amettes, katika nchi ya Ufaransa, mwaka 1748, naye alikuwa wa kwanza katika watoto 15. Wazazi wake walikuwa na shamba na duka. Hakuzaliwa katika ufukara. Alitamani utawa. Akabisha mlango wa monasteri moja, kisha wa nyingine, akarudishwa. Watawa wa Sept-Fons walimpokea, lakini mwaka 1770 nao wakamwambia aondoke, kwa sababu afya yake ilikuwa dhaifu.

Ndipo akatambua ya kwamba njia yenyewe itakuwa monasteri yake. Akaenda kwa miguu mpaka Loreto, mpaka Roma, na mahali patakatifu pengine pengi. Mali yake yote ilikuwa nguo iliyochakaa, rozari, msalaba na vitabu vichache. Sadaka iliyozidi haja ya siku ile aliwapa maskini wenzake. Siku moja mtu aliyempa sarafu alimwona akiitoa kwa mwingine, akadhani amedharauliwa, akampiga. Na kweli, ni vigumu kumwelewa mtu asiyetaka kuongezewa kitu.

Huko Roma alilala muda mrefu katika magofu ya Colosseum; mchana alipiga magoti mbele ya Sakramenti Takatifu. Jumatano ya Juma Takatifu, tarehe 16 Aprili 1783, alianguka penye kanisa la Santa Maria ai Monti. Mwuza nyama mmoja akampeleka nyumbani kwake, na siku ile ile akafa, mwenye miaka 35. Watoto wakapita njiani wakipaza sauti kwamba mtakatifu amekufa. Baba Mtakatifu Leo XIII alimtangaza mtakatifu mwaka 1881.